Hitilafu ya umeme: Vita vya hataza Marekani na kufuli lililo nyumbani

MOTO unapoteketeza soko, bweni au nyumba ya kupanga, taarifa ya kwanza huja na maneno matatu ambayo wasomaji wa magazeti wameyazoea kiasi cha kutoyahoji tena: hitilafu ya umeme. Baada ya hapo huundwa kamati, misaada hukusanywa, na maneno hayo matatu hubaki kama bahasha ambayo hakuna aliyeifungua.

Bahasha hiyo ikifunguliwa, moja ya mambo yanayokutwa ndani ni kitu ambacho wahandisi hukiita tao la umeme. Waya umekatika ndani ya ganda lake, au skrubu imelegea nyuma ya soketi, au panya ametafuna nyaya darini. Umeme hauzimiki. Unaruka lile pengo dogo kwa cheche mfululizo zenye joto la maelfu ya nyuzi, na mbao, pamba ya godoro au mavumbi yaliyo karibu hushika moto.

Ajabu ni kwamba sakiti breka iliyoko ukutani inaweza isishtuke. Breka ya kawaida imeundwa ili ikate pale mkondo unapozidi kiwango au nyaya zinapogusana moja kwa moja. Tao linaloruka katika waya uliokatika halizidishi mkondo, na mara nyingine huupunguza. Kwa breka, mambo ni shwari hadi moshi unapotokea.

Kifaa cha kubaini hali hiyo kipo, na si kipya. Ndani yake mna saketi ndogo ya kielektroniki inayosikiliza umeme unaopita, ikitafuta kelele na mikwaruzo ambayo tao huiacha katika mkondo, na ikiridhika kuwa si swichi wala brashi za mota ya mashine, hukata umeme. Marekani iliifanya lazima teknolojia hiyo kwa nyaya za vyumba vya kulala kuanzia Januari 1, 2002, kwa kanuni iliyoandikwa katika toleo la 1999 la kanuni zake za umeme. Toleo la 2008 liliipanua hadi sehemu nyingi za nyumba.

Sheria inapolazimisha kila nyumba mpya kununua kifaa fulani, anayemiliki uvumbuzi wa kifaa hicho hujikuta ameketi juu ya mgodi. Hapo ndipo vita vya hataza vilipopata nguvu, na kutoka hapo ndipo linapozuka swali linaloihusu hata kata ya Oloipiri.

Oloipiri ipo katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Jina lake likitokea magazetini, aghalabu ni kwa sababu ya ardhi. Mwaka 2022 Serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kuwa Pori la Akiba la Pololeti, na mjadala wa hatua hiyo umefunika karibu kila kitu kingine kinachohusu maisha ya wakazi. Umeme ni miongoni mwa vilivyofunikwa.

Kwa muda mrefu Loliondo ilihesabiwa kati ya maeneo yaliyo nje ya Gridi ya Taifa, yaliyotegemea majenereta ya dizeli. Kilichobadilisha usiku wa maboma mengi ni paneli ya jua juu ya paa, betri pembeni na waya mwembamba hadi kwenye taa na chaji ya simu. Kutoka Arusha mjini hadi huko ni zaidi ya kilomita 300. Mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa zimamoto kujua umbali huo unamaanisha nini bweni au zahanati inapowaka saa nane za usiku. Mahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kuwahi, kinga pekee yenye maana ni ile inayokata umeme kabla ya moto.

Je, kinga hiyo imefungiwa na wenye hataza wa Marekani? Dhana kwamba teknolojia nzuri ni mali ya watu, na kwamba nchi maskini haina ila kusubiri bei ishuke, imeenea hata katika ofisi za wataalamu. Rekodi ya kesi zenyewe inaonyesha picha tofauti.

Hataza za mwanzo za kubaini tao kwa kusikiliza kelele za masafa ya juu katika nyaya ni za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mvumbuzi Frederick Blades alipewa mojawapo nchini Marekani mwaka 1993. Kampuni kubwa za vifaa vya umeme, kama Eaton, Square D, Siemens na Leviton, nazo zilijijengea maghala ya hataza juu ya mbinu mbalimbali: jinsi ya kutofautisha tao la hatari na cheche za kawaida za swichi, jinsi kifaa kinavyojipima chenyewe, hata jinsi kitufe cha kukirudisha kinavyofungwa kikiharibika.

Mashauri yalifuata. Technology Research Corporation ya Florida ilikuwa na hataza ya mfumo wa kuzuia tao katika nyaya za viyoyozi vya madirishani. Kanuni za Marekani za mwaka 2002 zilipoagiza nyaya hizo ziwe na kinga ya aina hiyo, soko likafunguka, na katikati ya muongo huo kampuni hiyo ikawafikisha washindani wake mahakamani, miongoni mwao Tower Manufacturing.

Lakini kesi zenye mafunzo zaidi ni za ndugu wa karibu wa kifaa hicho, yaani kikata umeme wa mvujo, kile kinachomwokoa mtu asipigwe shoti bafuni. Watengenezaji ni wale wale, soko ni lile lile na mawakili, inaelekea, ni wale wale.

Mwaka 2004 Leviton iliwashitaki wanunuzi wa Marekani waliokuwa wakiingiza vifaa vya kampuni ya China, General Protecht Group ya jimbo la Zhejiang. Shauri lilikwisha mwaka 2007 kwa makubaliano: Leviton iliahidi kutoishitaki tena kwa hataza mbili zilizotajwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2010, ikarudi mahakamani ikiwa na hataza nyingine, changa zaidi, lakini zilizochipuka kutoka katika maombi yale yale ya awali. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, ile inayosikiliza rufaa za hataza, ilisema hapana. Aliyeahidi kutoshitaki kwa uvumbuzi fulani hawezi kuchukua uvumbuzi uleule, akauvika kanzu mpya, kisha akamrudia aliyemwahidi.

Wakati huohuo kampuni ya Pass & Seymour, iliyo chini ya Legrand ya Ufaransa, ilichagua njia nyingine. Mwaka 2007 ilikwenda kwenye Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani kulalamikia bidhaa za watengenezaji kadhaa wa China. Tume hiyo haitozi fidia. Silaha yake ni kufunga bandari. Mwaka 2009 ilitoa amri ya kuzuia bidhaa hizo zisiingie nchini, na Agosti 2010 Mahakama ya Rufaa ikatengua sehemu ya uamuzi huo kwa kuwa baadhi ya vifaa havikufanya kazi kwa namna iliyoelezwa katika hataza.

Inafaa kuitazama silaha yenyewe. Katika mashauri hayo yote kilichogombewa kilikuwa mlango wa soko la Marekani. Hakuna aliyeomba amri ya kuzuia kifaa kisitengenezwe Zhejiang kwa matumizi ya Zhejiang, kwa sababu mahakama ya Marekani haina uwezo huo. Hataza ni haki ya nchi moja moja. Iliyotolewa Washington haivuki maji hadi mwenyewe aiombee huko ng'ambo, alipe ada na kuitunza mwaka hadi mwaka.

Kwa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987. Mvumbuzi wa nje anayetaka kinga hapa lazima aombe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, au apitie Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare, na kuitaja Tanzania katika maombi yake. Zanzibar ina sheria yake, kwa kuwa miliki ubunifu si jambo la Muungano. Asiyefanya hivyo hana cha kudai Oloipiri, Wasso wala Kariakoo.

Kuna na saa ya ukutani. Hataza hudumu kwa kawaida miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Zile za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilizoweka msingi wa kubaini tao, zimekwisha muda hata huko zilikotolewa. Zinazobaki hai ni za maboresho: programu bora zaidi ya kutambua kelele, umbo dogo zaidi, mawasiliano na simu. Fundi anayetaka kifaa kinachofanya kazi ipasavyo hahitaji kuyagusa yote hayo.

Tena hataza, kinyume cha siri ya biashara, ni andiko la wazi. Serikali humpa mvumbuzi ukiritimba wa muda kwa sharti kwamba aeleze uvumbuzi wake kwa ukamilifu kiasi cha kumwezesha mtaalamu mwingine kuutengeneza. Michoro ya saketi hizo, pamoja na maelezo ya kila kipuri, inasomeka bure kwa yeyote mwenye intaneti. Chuo cha Ufundi Arusha kina wanafunzi wa umeme. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, katika mkoa uleule wa Oloipiri. Kinachokosekana ni desturi ya kuzisoma hataza kama vitabu vya kiada. Somo la hataza vyuoni, pale lilipo, hufundishwa kama onyo.

Juu ya hayo, nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zina nafuu katika Shirika la Biashara Duniani. Mwezi Juni 2021 muda wa nchi hizo wa kutolazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa miliki ubunifu uliongezwa hadi Julai 1, 2034. Ni kweli kwamba Tanzania tayari ina sheria yake ya hataza na inaitekeleza, hivyo nafuu hiyo haimfutii mtu haki aliyokwisha kuisajili. Lakini inaipa Serikali nafasi ya kurekebisha sheria kwa masilahi ya viwanda vya ndani bila kuogopa kushitakiwa Geneva, nafasi ambayo haionekani kutumika sana.

Kuna hatari moja ya kweli, nayo haitoki Marekani. Ni kuchanganya bidhaa bandia na bidhaa inayogombewa hataza. Waya wenye nembo ya kampuni fulani lakini shaba yake imepunguzwa ni wizi na ni hatari, na Tume ya Ushindani pamoja na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wana haki ya kuuchoma moto. Kifaa kilichotengenezwa vizuri na kampuni isiyo na jina kubwa, kwa mbinu ambayo hataza yake haikusajiliwa hapa au imekwisha muda, ni bidhaa halali kama mkate.

Kenya ilijifunza tofauti hiyo mahakamani. Sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008 ilitafsiri ubandia kwa upana mno, kiasi kwamba dawa halali za bei nafuu zingeweza kukamatwa bandarini. Wananchi watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walifungua shauri, na Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, alisema vifungu husika vilitishia haki yao ya kuishi. Dawa na breka ni vitu viwili tofauti, lakini kosa la kisheria lingekuwa lile lile, na afisa wa forodha asiyeelekezwa vizuri anaweza kulifanya wakati wowote.

Ikiwa hataza si kufuli, kufuli ni nini? Jibu la kwanza ni kwamba hakuna anayekiomba kifaa. Tanzania haijafikia hatua ya kukilazimisha katika jengo la aina yoyote, na bidhaa isiyoulizwa haiagizwi. Fundi wa mtaani atafunga kile ambacho mkaguzi atakiangalia, na mwenye nyumba atalipia kile ambacho fundi amemwambia hakikwepeki.

Nchi nyingine zimekwenda kwa hatua, na si zote mbele. Ujerumani ilitangaza ulazima mwaka 2016 kwa vyumba vya kulala vya nyumba za malezi na maeneo mengine yenye hatari, kisha mwaka 2019 ikalegeza na kuacha uamuzi kwa tathmini ya hatari ya kila jengo. Uingereza, ambayo kanuni zake za kufunga umeme zimesomwa na mafundi wengi wa nchini, ililazimisha vifaa hivyo mwaka 2022 kwa soketi za majengo ya makazi yenye hatari kubwa, nyumba za wazee na mabweni ya wanafunzi.

Mabweni ya wanafunzi. Hapa Tanzania neno hilo linabeba majina. Idodi, Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, watoto wapatao 10. Ng'ambo ya mpaka, Hillside Endarasha katika kaunti ya Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Haki inataka isemwe wazi kwamba si kila moto wa bweni ni wa umeme. Wa Idodi ulihusishwa na mshumaa, yaani ukosefu wa umeme ndio ulioua. Lakini kadiri mishumaa inavyoondoka na nyaya kuingia, hatari haiondoki nayo. Inahamia ukutani.

Kifaa chenyewe nacho si malaika. Wahandisi wa Marekani wamekilalamikia kwa miaka mingi kwamba hukata umeme pasipo sababu, kikidhani mashine ya kufagilia ni moto. Hakioni kiungo kilicholegea ambacho kinapata joto taratibu bila kurusha cheche. Na bei yake ni mara kadhaa ya breka ya kawaida. Kukilazimisha katika kila nyumba ya chumba na sebule kungekuwa kuwatoza maskini kodi kwa ajili ya kinga ambayo skrubu iliyokazwa vizuri ingewapa bure.

Kwa Oloipiri kuna jambo jingine tena, ambalo kanuni za mijini hulisahau. Umeme wa gridi ni wa AC, unaobadili mwelekeo na kupitia sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo tao hupata nafasi ya kuzimika lenyewe. Umeme wa paneli za jua ni wa DC, hauna sifuri ya kupitia. Tao likianza katika mfumo wa paneli nyingi zilizounganishwa kwa msururu, linaweza kuendelea kuwaka maadamu jua lipo. Ndiyo maana kanuni za Marekani za mwaka 2011 ziliagiza kinga ya tao kwa mifumo ya jua ya volti 80 na zaidi iliyofungwa juu ya majengo.

Taa za volti 12 za boma la kawaida haziko katika kundi hilo, kwa kuwa volti hizo ni ndogo mno kulisha tao la kudumu. Pale adui ni kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa plastiki. Kinachostahili kuangaliwa ni mifumo mikubwa: bweni, zahanati, pampu ya maji, kambi ya watalii. Inverta nyingi za kisasa za mifumo hiyo huja na kinga ya tao ndani yake, ikiwa mnunuzi ameiomba. Mnunuzi mkuu vijijini ni Serikali na wafadhili wake. Mstari mmoja katika zabuni ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ungefanya zaidi ya semina kumi.

Mstari huo, hata hivyo, unapaswa kuandikwa kwa uangalifu, na hapa ndipo vita vya Marekani vinapokuwa na faida kwa msomaji wa Dar es Salaam. Zabuni ikiitaja bidhaa kwa jina la mtengenezaji, au kuelezea mbinu ambayo mmoja tu anaimiliki, Serikali itakuwa imemjengea mtu mgodi kwa kalamu yake yenyewe. Ikitaja kiwango cha kimataifa ambacho kinaeleza kifaa lazima kifanye nini na kipimwe vipi bila kusema kifanyeje, mtengenezaji yeyote anaweza kuja.

Tanzania ina mfano wake wa hekima hiyo, ingawa si wengi wanaoutambua. Mita za LUKU hutumia utaratibu wa tarakimu 20 uliozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya mashirika ya umeme kuchoshwa na mita ambazo zilisikia lugha ya muuzaji wake tu. Utaratibu huo ukawekwa wazi, ukawa kiwango cha kimataifa, na leo TANESCO hununua mita kwa watengenezaji mbalimbali na zote huielewa tokeni ileile. Mwaka 2024, wateja walipotakiwa kuingiza tarakimu za ziada ili mita zao ziendelee kufanya kazi baada ya Novemba 24, nchi nzima ilifanya hivyo kwa utaratibu mmoja.

Kwa kinga ya tao, kazi ya kwanza haihitaji bunge. BRELA na ARIPO wanaweza kupekua madaftari yao na kutoa orodha ya hataza za teknolojia hii ambazo ziko hai Tanzania, zipi na hadi lini. TBS inaweza kuchukua kiwango cha kimataifa na kuwa na mahali pa kukipima, maana kiwango kisicho na maabara ni karatasi. Warsha ya Arusha ikishaiona orodha hiyo, itajua kama inaweza kuunda kifaa na kukiuza Wasso bila kumwomba mtu ruhusa. Ikitaka kukiuza New York, hilo ni shauri jingine, na mawakili watakuwa wanaisubiri bandarini.